Mlinganyo wa duara: maswali ninayoulizwa na walimu na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Nafundisha hisabati huku kusini. Maswali haya nimeyatoa kwenye daftari langu la maandalizi, ambamo kila mwaka huandika wanafunzi wamekwama wapi. Mengine ni ya walimu wenzangu wa Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa, wanaonipigia simu jioni wakiwa na somo kesho yake asubuhi. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mwanzo kabisa

1. Mlinganyo wa duara ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni sentensi kuhusu kamba. Piga kigingi kwenye mchanga, funga kamba, shika ncha ya pili, ivute ikaze, kisha zunguka. Kila unapokanyaga, umbali kutoka kwenye kigingi ni uleule. Hilo ndilo duara, na mlinganyo unasema hayohayo kwa namba: "nukta hii iko umbali wa kamba moja kutoka kitovuni."

Kigingi kikiwa kwenye (0, 0) na kamba ikiwa na urefu r, tunaandika x² + y² = r². Kigingi ukikihamishia (a, b), inakuwa (x − a)² + (y − b)² = r². Hakuna kingine kipya. Mengine yote hapa chini ni sentensi hiyohiyo ikiwa imevaa nguo tofauti.

2. Hivyo vipeo vya pili vimetoka wapi?

Kwa Pythagoras, ambaye wanafunzi wanamfahamu tangu zamani ila hawakutegemea kukutana naye hapa. Simama kwenye duara lako la mchangani na ncha ya kamba mkononi. Ili kufika hapo kutoka kwenye kigingi ungeweza kutembea hatua x kwenda mashariki, ukageuka, ukatembea hatua y kwenda kaskazini. Njia hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba, na kamba ndiyo upande mrefu wa pembetatu mraba. Kwa hiyo x² + y² = r².

Wazo la kuzipa nukta namba ili mchoro uweze kuandikwa kwa aljebra linahusishwa sana na Mfaransa René Descartes, aliyelichapisha mwaka 1637. Mwanafunzi akiuliza nani alileta balaa hili, jina unalo.

3. "Mwalimu, kamba ina urefu wa 5. Kwa nini tunaandika 25?"

Swali hili liliulizwa na binti mmoja aliyekuwa ameketi dirishani, na darasa likacheka. Sikucheka, kwa sababu nusu ya waliocheka waliandika 5 kwenye jaribio la Ijumaa.

Nilimwambia hivi: "Mwanangu, upande wa kushoto tumeandika nini? Umbali, au kipeo cha pili cha umbali?" Akatazama ubao. "Kipeo cha pili." "Basi na upande wa kulia?" Hakujibu kwa mdomo, alichukua kifutio akafuta 5 yake.

Ungeweza kuandika umbali wenyewe, yaani kipeuo cha pili cha (x² + y²) ni sawa na 5, na usingekosea. Tunakwepa kipeuo kwa kuzidisha pande zote mbili kwa nafsi zake, kwa hiyo 5 inakuwa 25. Waeleze pia kinyume chake: wakiona x² + y² = 7, nusu kipenyo (urefu wa kamba) ni kipeuo cha pili cha 7, kama 2.65, si 7 wala 3.5. Hiyo 3.5 huandikwa na anayegawanya kwa 2 kwa mazoea, na utaikuta kila mwaka.

4. Duara ni ule mstari wa pembeni au ni eneo lote la ndani?

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Mtu akisema "kaeni duara", watu wanakaa pembeni na katikati panabaki wazi. Akisema "paka rangi duara hili", unapaka lote. Neno moja, vitu viwili.

Mlinganyo wenye alama ya "sawa na" unaeleza ukingo tu. Mimi hutumia mbuzi. Mbuzi amefungwa kwenye kigingi kilicho (3, −2) kwa kamba ya mita 4. Pale kamba inapokaza, ni (x − 3)² + (y + 2)² = 16. Pale anapoweza kula ni kila mahali ambapo upande wa kushoto ni 16 au pungufu. Sasa mama ana mchicha kwenye (6, 1). Je, uko salama? Weka namba: 3² + 3² = 18. Ni kubwa kuliko 16, basi mchicha uko nje.

Ila kipeuo cha 18 ni kama 4.24, yaani mchicha umepona kwa sentimita 24. Kijana mmoja wa Tandahimba aliniambia, "Mwalimu, mbuzi ana shingo." Ni kweli. Shingo ya mbuzi haimo kwenye mlinganyo wangu, na nilimpa alama ya ziada.

5. Mwanafunzi anatakiwa ajue nini kabla ya kuanza?

Kuweka nukta kwenye grafu, umbali kati ya nukta mbili, nukta ya katikati, mteremko wa mstari, kufungua mabano na kukamilisha mraba. Hayo yote huwa amekutana nayo kabla ya Kidato cha Tano. Kukutana na kujua ni mambo mawili, kwa hiyo dakika kumi za kwanza wape maswali matatu ya umbali. Wakishindwa hayo, funga somo la duara, fundisha umbali. Hutapoteza muda, utauokoa.

## Kuingia darasani

6. Nianze na umbo lipi: lenye mabano au lile refu?

Lenye mabano. Nalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza, katika shule moja ya bweni, niliingia nikaandika ubaoni x² + y² + 2gx + 2fy + c = 0, nikasema hili ndilo duara, nikatoa fomula ya kitovu na ya nusu kipenyo, nikatoa mifano miwili, kengele ikalia. Nilijiona nimefundisha. Wiki iliyofuata nikawauliza: kwa nini duara hili halipiti kwenye (0, 0)? Kimya. Nikauliza tena kwa lugha nyepesi: kitovu kiko wapi? Wakatoa fomula. Hakuna hata mmoja aliyechora.

Walikuwa wanajua g na f, hawajui kamba. Tangu siku hiyo umbo refu huja mwishoni, na huja kama fumbo: nachukua duara wanalolijua, nafungua mabano, nachanganya namba, nauliza "mtajuaje kwamba humu ndani mna duara?" Hapo kukamilisha mraba kunakuwa na kazi ya kufanya (tazama swali la 12).

7. Sina karatasi za grafu wala bikari za kutosha. Nifanyeje?

Toka nje. Mchanga tunao kuliko tunavyouhitaji. Kamba, vigingi viwili, na fimbo ya kuchorea vinatosha darasa la watu sitini, mradi uwagawe katika makundi. Zaidi ya hayo, karatasi za grafu nje ni usumbufu. Julai na Agosti upepo wa kusi unazipeperusha hadi jikoni.

Lakini kifaa bora tulicho nacho huku ni shamba la mikorosho. Lisiwe lile la babu lililopandwa kama mbegu zilivyodondoka; tafuta lililopandwa kwa mistari, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ambayo wakulima wanashauriwa. Hiyo ni grafu iliyosimama wima. Kila mkorosho ni nukta yenye namba kamili, na kila nafasi ni kipimo kimoja.

Mwanafunzi mmoja asimame kwenye mkorosho wa katikati, ndiye (0, 0). Waambie wengine: nendeni kwenye mikorosho iliyo umbali wa nafasi 5 kamili kutoka kwake, yaani mita 60. Wanne wanakwenda mara moja: moja kwa moja mbele, nyuma, kushoto, kulia. Halafu wanasimama, wanaona kazi imekwisha. Subiri. Usiseme kitu. Atatokea mmoja atakayehesabu mikorosho 3 huku na 4 kule, akapiga hesabu kidoleni: 9 na 16 ni 25. Atapiga kelele. Sekunde hiyo wengine wanakimbia: (4, 3), (−3, 4), (−4, −3), na kadhalika. Mwisho wanakuwa 12, wamesimama kila mmoja chini ya mti wake, na wanapotazamana wanaona wenyewe umbo walilolitengeneza.

Kisha uliza: ni mikorosho mingapi iko kwenye x² + y² = 3? Hakuna hata mmoja. Duara lipo, ila linapita katikati ya miti bila kugusa shina. Hapo wanaelewa kwamba duara lina nukta nyingi ambazo si namba kamili, jambo ambalo ubaoni halimwingii mtu. Muombe ruhusa mwenye shamba kwanza, na usiende wakati wanapuliza salfa.

8. Nifundishe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza cha mtihani?

Mtihani wa Kidato cha Sita ni wa Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini wazo haliingii kwa lugha ambayo mtoto bado anaitafsiri kichwani. Ninachofanya: kamba, mbuzi na mikorosho kwa Kiswahili, kisha kabla ya kengele kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza sentensi tatu kuhusu alichofanya. Si nakala ya ubaoni, sentensi zake. Ukiahirisha hadi wiki ijayo, unakuwa na mwanafunzi anayejua duara na hawezi kusoma swali.

Kiswahili cha hisabati nacho tukitumie vizuri. Wengi husema "rediasi" na "kodineti", na hakuna anayeshindwa kuelewa. Mimi hupendelea nusu kipenyo, kwa kuwa neno lenyewe linafundisha: anayelitamka hasahau uhusiano wake na kipenyo.

9. Vipindi vingapi vinatosha?

Kwa darasa langu, vipindi pacha vitatu hadi tanjenti (swali la 15), na kimoja cha mazoezi. Kama swali la 5 limeleta matatizo, ongeza.

10. Kwa nini maduara ya wanafunzi wangu yanatoka kama mayai?

Kwa sababu vipimo vya mihimili yao havilingani. Sentimita 1 ni kipimo 1 kwenye x, lakini kwenye y wamebana ili namba zitoshe ukurasa. Kwenye mstari mnyoofu kosa hilo halionekani sana. Kwenye duara linajianika. Mwambie achore upya kwa vipimo sawa. Aliyechora yai kwa makosa haya hajakosea mlinganyo, hivyo usimnyime alama zote.

## Alama zinapopotelea

11. Kwa nini ishara zinageuka? Kitovu ni (3, −2) lakini tunaandika x − 3 na y + 2.

Hazigeuki. Mabano hayabebi kitovu, yanabeba tofauti kati ya ulipo na kitovu. Kutoka kibao cha kilomita 30 hadi cha kilomita 70 ni 70 − 30. Basi kutoka 3 hadi x ni x − 3.

Kwa hasi natumia kisima. Maji yako mita 2 chini ya ukingo, tawi la mwembe liko mita 5 juu ya ukingo. Kutoka kwenye maji hadi kwenye tawi ni mita ngapi? Wote wanasema 7, hata anayelala nyuma. Umefanya nini? 5 − (−2), yaani 5 + 2. Ndiyo hiyo y + 2.

Ukiwaambia tu "geuza ishara", watafaulu jaribio la wiki hii na kugeuza hata nusu kipenyo mwezi ujao.

12. Kukamilisha mraba kunawashinda. Kuna njia nyepesi?

Kuna njia ya kuona. Chora mraba wenye upande x. Ubandike mistatili miwili yenye upana 3, mmoja kulia na mmoja chini: umepata x² + 6x. Kona ya chini kulia ina pengo la 3 kwa 3. Ukiliziba kwa 9, unapata mraba mzima wenye upande x + 3. Jina la "kukamilisha" limetoka hapo, na ni pengo halisi wanaloweza kuligusa ukichora kwenye mchanga.

Sasa chukua x² + y² − 6x + 8y + 9 = 0. Panga vya x pamoja na vya y pamoja, namba pekee ipeleke ng'ambo: x² − 6x + y² + 8y = −9. Pengo la x ni 9, la y ni 16. Ukiziba kushoto lazima uzibe na kulia: (x − 3)² + (y + 4)² = −9 + 9 + 16 = 16. Kitovu (3, −4), nusu kipenyo 4.

Alama nyingi hupotelea kwenye kuziba kulia. Wanaziba kushoto, wanasahau mizani. Sina dawa nyingine zaidi ya kuwafanya warudi kukagua: chukua nukta moja iliyo kwenye duara ulilopata, hapa (7, −4), uiweke kwenye mlinganyo wa mwanzo. 49 + 16 − 42 − 32 + 9 = 0. Imekubali.

13. Kama vizigeu, yaani namba zilizo mbele ya x² na y², si 1?

Gawanya kwanza, kabla hujafanya lolote. 2x² + 2y² − 12x + 8y − 6 = 0 ukigawanya kwa 2 ni x² + y² − 6x + 4y − 3 = 0, na ukikamilisha mraba unamkuta yule mbuzi wa swali la 4.

Vizigeu hivyo viwili visipolingana, mfano 2x² + 3y², hilo si duara. Na ukiona kipande cha xy, si duara pia.

14. Fomula ya g, f na c: wakariri au wasikariri?

Waijenge mara moja kwa mikono yao kwa kukamilisha mraba kwenye x² + y² + 2gx + 2fy + c = 0. Watapata kitovu (−g, −f) na r² = g² + f² − c. Baada ya hapo wakariri wakitaka, maana mtihani una saa. Tofauti ni kwamba aliyeijenga akiisahau anaweza kuijenga tena. Aliyekariri tu huandika g² + f² + c, na hana pa kujikagulia.

## Mistari, vipenyo na visima

15. Tanjenti naielezaje bila kuwatwika fomula nyingine?

Rudi kwenye kamba. Unakimbia ukiwa umeshika kamba iliyokaza. Mara kamba inakatika. Unakwenda wapi? Mbele moja kwa moja, kwa njia inayofanya pembe mraba na kamba ilivyokuwa. Hiyo ndiyo tanjenti.

Kwenye x² + y² = 25, kwenye nukta (3, 4), mteremko wa kamba ni 4/3. Mteremko wa tanjenti ni −3/4, na mstari ni 3x + 4y = 25. Wanafunzi wenye macho wataona kwamba 3 na 4 zimejirudia kwenye mlinganyo. Waache wajaribu nukta (−4, 3) wajionee wenyewe.

Mstari wowote na duara vina habari tatu: kukatana mara mbili, kugusana mara moja, au kupishana. Ingiza mstari ndani ya duara, utapata mlinganyo wa kipeo cha pili, na idadi ya majibu yake ndiyo habari yenyewe. y = x + 1 ndani ya x² + y² = 25 unaleta x² + x − 12 = 0, yaani x ni 3 au −4, nukta (3, 4) na (−4, −3). Mstari x + y = 8 hauleti jibu lolote; unapita nje.

16. Nimepewa ncha mbili za kipenyo tu. Inatosha?

Inatosha na inabaki. Ncha (2, 1) na (8, 9): katikati ni (5, 5), na kutoka hapo hadi (8, 9) ni 3 na 4, basi kamba ni 5. Mlinganyo: (x − 5)² + (y − 5)² = 25.

Njia ya pili inatumia nadharia waliyokwisha kuisoma, kwamba pembe iliyo kwenye ukingo ikitazama kipenyo ni pembe mraba. Inaleta (x − 2)(x − 8) + (y − 1)(y − 9) = 0. Fungueni zote mbili mkutane njiani.

17. Duara linalopita kwenye nukta tatu: kuna mfano usio wa kitabuni?

Kisima. Mtu aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde hahitaji kuelezwa kwa nini mahali pa kuchimba kisima ni jambo zito. Maji huko juu yamekuwa ya kutafutwa mbali kwa vizazi. Basi chukua vijiji vitatu vya kubuni, kwa kilomita: A (−1, 7), B (7, 3), C (−2, 0). Wanataka kisima kimoja ambacho hakuna kijiji kitakacholalamika kwamba kinatembea zaidi.

Kisima kiwe (x, y). Umbali wa A ulingane na wa B: (x + 1)² + (y − 7)² = (x − 7)² + (y − 3)². Ukifungua, x² na y² zinafutana zenyewe, na inabaki 2x − y = 1. Umbali wa A ulingane na wa C: inabaki x + 7y = 23. Tatua pamoja: x = 2, y = 3. Kila kijiji kinatembea kilomita 5, na duara ni (x − 2)² + (y − 3)² = 25.

Nasisitiza njia hii kuliko ile ya kuingiza nukta tatu kwenye umbo la g, f na c. Hesabu ni zilezile, lakini hapa mwanafunzi anajua kila mstari unasema nini: 2x − y = 1 ni mpaka ambapo A na B wako sawa.

Baada ya hapo vuruga mfano. Vijiji vikiwa vimejipanga kwenye barabara moja iliyonyooka, mipaka hiyo inakuwa sambamba na haikutani kamwe. Hakuna kisima wala duara. Vikiwa karibu kujipanga, kisima kinakuwepo lakini kiko mbali porini, na haki imepatikana kwa kumtesa kila mtu. Darasa moja lilibishana juu ya hilo hadi kipindi cha biolojia kikaanza.

## Yasiyo ya kawaida

18. Nimekamilisha mraba, nikapata r² hasi. Nimekosea?

Huenda, kwa hiyo kagua. Kama hukukosea, hakuna duara. x² + y² + 2x − 4y + 9 = 0 inakuwa (x + 1)² + (y − 2)² = −4, na vipeo vya pili viwili vya namba za kawaida haviwezi kujumlishwa vikatoa hasi. Badili 9 iwe 5, kulia panakuwa 0: ni nukta moja tu, (−1, 2). Kamba imekwisha, umesimama juu ya kigingi.

19. Programu ya grafu kwenye simu inachora nusu duara tu. Kwa nini?

Kwa sababu uliiandikia y ni sawa na kipeuo cha (25 − x²), na kipeuo hicho huchukuliwa chanya. Umepata nusu ya juu. Weka alama ya kutoa mbele, upate nusu ya chini. Kila x iliyo kati ya −5 na 5 ina y mbili, ndiyo maana duara zima haliwezi kuandikwa kama fanksheni moja, ambayo kila x huipa y moja tu. Programu nyingine hukubali x² + y² = 25 jinsi ilivyo.

20. Mzazi ananiuliza: mwanangu atafanyia nini mlinganyo wa duara?

Shikamoo kwanza, kisha toa simu yako. Simu ikijua umbali wake kutoka minara mitatu, imekaa kwenye maduara matatu kwa pamoja, na yanapokutana ndipo ilipo. Ni swali la 17 lililogeuzwa: badala ya kutafuta kitovu, unatafuta ukingo. Wazee wengi nilioongea nao hawakuhitaji hata mfano huo. Fundi aliyewahi kupanga msingi wa nyumba ya msonge kwa kamba alishafika kabla yetu.

21. "Mwalimu, dau limetia nanga kwa kamba ya mita 13, lakini duara linalozunguka ni dogo kuliko hapo. Mlinganyo umekosea?"

Aliyeuliza ni mtoto wa mvuvi wa Mikindani, na ni swali zuri kuliko yote niliyopata miaka hiyo. Mlinganyo haujakosea, kamba hailali juu ya maji. Nanga iko chini na dau liko juu, kwa hiyo kamba imeinama. Tuseme imenyooka na kina cha maji ni mita 5. Pembetatu mraba nyingine imejificha majini: 13² − 5² = 144. Duara la juu ya maji ni x² + y² = 144, nusu kipenyo mita 12.

Kwa walio tayari, ongeza mhimili wa tatu. Kila mahali ncha ya kamba inapoweza kufika kutoka kwenye nanga ni x² + y² + z² = 169, ambalo si duara tena bali tufe. Uso wa maji ni z = 5, na unalikata tufe hilo kwenye duara letu.

Yule kijana hakuridhika. Akauliza, "Na maji yakijaa?" Tukaweka kina mita 6.6. 169 − 43.56 ni 125.44, kipeuo chake 11.2 kamili. Maji yanapanda na duara la dau linapungua sentimita 80. Akasema hilo baba yake analijua, ila hakuwahi kuambiwa ni sentimita ngapi.